Mtoto Asiyeshiba: Kisa cha Unene wa Utotoni na Lawama kwa Mama

Ni mimi muuguzi wako wa jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko safarini, mwombe dereva aongeze sauti, kwa sababu leo sizungumzi juu ya malaria wala chanjo. Leo nina kisa cha kale, na njia ya kukifikia inaanzia kwenye kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki ya watoto nilikokuwa nikifanya kazi, alikuja mama mmoja na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Tulipomning'iniza kwenye mizani, mshale ulipita 20 ukatua kwenye kilo 21. Mtoto wa umri huo kwa kawaida huwa na kilo 11 hivi. Foleni ilikuwa ndefu. Akina mama kwenye benchi wakaanza kucheka chini chini, na mmoja akamwita mtoto "kibonge". Nami, badala ya kuuliza, nikahukumu. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Mama, punguza kumlisha huyu mtoto. Utamuua kwa chapati na chai ya maziwa." Alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Sista, nikimnyima hulia mpaka anatapika. Usiku huamka akatafuta sufuria. Ndugu zake wamelelewa na mikono hii hii, na ni wembamba." Nikaandika kwenye kijitabu, "Ameshauriwa kuhusu lishe," nikamwita anayefuata.

Hakurudi tena. Maneno yake lakini yalibaki nami, hasa yale ya mwisho. Nilipopata nafasi ya kusoma zaidi kuliko nilivyosoma chuoni, nikagundua kwamba sikuwa wa kwanza kumlaumu mama wa namna hiyo. Madaktari wakubwa walinitangulia kwa zaidi ya miaka 60.

Turudi nyuma mpaka mwaka 1901, mjini Vienna, nchi ya Austria. Huko daktari aitwaye Alfred Fröhlich aliandika juu ya mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akinenepa haraka, akiumwa na kichwa na kupoteza uwezo wa kuona, na ambaye dalili za kubalehe hazikuonekana kwake. Mvulana huyo alikuwa na uvimbe chini ya ubongo, karibu na tezi ya pituitari. Lilikuwa jambo la maana sana kugundua, kwa sababu lilionyesha kwamba unene unaweza kuanzia kichwani. Lakini wanadamu tukipewa kidole tunataka mkono mzima. Kwa miaka mingi baadaye, karibu kila mtoto mnene aliyepelekwa kwa daktari Ulaya na Marekani aliambiwa kwamba ana "ugonjwa wa tezi", na wengine wakapewa dawa za tezi ambazo hawakuzihitaji.

Aliyevunja imani hiyo alikuwa mwanamke, daktari wa watoto aitwaye Hilde Bruch. Alizaliwa Ujerumani katika familia ya Kiyahudi, akakimbia utawala wa Hitler, na mwaka 1934 akafika Marekani. Katika hospitali ya watoto mjini New York aliwachunguza watoto wanene mmoja baada ya mwingine, na akaona kwamba tezi za wengi wao zilikuwa sawa kabisa. Wengine walikuwa warefu kuliko wenzao na walibalehe mapema, yaani kinyume cha mtoto mwenye ugonjwa wa tezi. Hapo alisema kweli, na mpaka leo tunamfuata.

Kisha akaingia majumbani mwao. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji maskini. Mwaka 1940, pamoja na mwenzake Grace Touraine, alichapisha makala kuhusu familia za watoto hawa, na humo mama ndiye aliyebebeshwa mzigo: kwamba anamlinda mtoto kupita kiasi, kwamba hana mapenzi ya kweli ndani yake, na kwamba chakula anachompa ni badala ya upendo. Simdharau Dakta Bruch. Alikuwa mtu wa kusikiliza wagonjwa, na kazi aliyoifanya baadaye kuhusu wasichana wanaojinyima chakula imeokoa wengi. Lakini wazo lile lilienea, likaingia vitabuni, na kutoka vitabuni likaingia vichwani mwa wauguzi. Siku ile kwenye mizani mimi sikuwa nimewahi kulisikia jina la Bruch, ila maneno yaliyonitoka yalikuwa yake.

Sasa, msikilizaji, jibu lililowaondolea mama kama hawa lawama lilitokea mahali ambapo hakuna aliyelitarajia: kwenye vizimba vya panya.

Huko pwani ya mashariki ya Marekani, katika jimbo la Maine, kuna mji mdogo uitwao Bar Harbor, na ndani yake kuna maabara inayofuga panya kwa ajili ya utafiti, Jackson Laboratory. Mwaka 1949 wafanyakazi wa hapo waliona panya mmoja amenenepa ajabu. Mwanzoni walidhani ana mimba. Hakuwa na mimba, na alikuwa na wenzake wa uzao mmoja waliokuwa vivyo hivyo. Panya hao walikula bila kukoma mpaka wakafikia karibu mara tatu ya uzito wa panya wa kawaida. Kizimba kilikuwa kimoja na chakula kilikuwa kimoja, na mama yao hakuwapikia chapati. Mwaka 1950 watafiti walitangaza kwamba hali hiyo inarithiwa, nayo inatokana na kasoro katika jeni moja tu. Jeni, kwa wasiolijua neno hili, ni maagizo madogo tunayorithi kwa baba na mama, yanayouambia mwili utengeneze nini.

Je, panya hawa walikosa nini? Swali hilo lilimwangukia Douglas Coleman, mtaalamu kutoka Kanada aliyefika katika maabara ile mwaka 1958. Miaka ya 1960 ulipatikana uzao mwingine wa panya wanene, ambao pia walikuwa na kisukari kikali. Coleman akafanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unashtuka. Aliwachukua panya wawili, akawaunganisha kwa upasuaji ubavu kwa ubavu, ili kitu kilichomo katika damu ya mmoja kiweze kupita kwa mwenzake.

Sikiliza vizuri yaliyotokea. Panya mnene wa uzao wa kwanza alipounganishwa na panya wa kawaida, yule mnene alipunguza kula. Kwa hiyo kuna kitu katika damu ya panya wa kawaida alichokuwa amekikosa. Panya wa uzao wa pili, yule wa kisukari, alipounganishwa na panya wa kawaida, mambo yaligeuka: panya wa kawaida aliacha kula mpaka akafa kwa njaa, huku chakula kiko mbele yake. Coleman akafikiri, akapata jibu. Panya wa kwanza hawezi kutengeneza ujumbe wa shibe. Panya wa pili anautengeneza kwa wingi, lakini ubongo wake ni kama kiziwi, hausikii, na wingi huo ukihamia kwa mwenzake unamfungia hamu kabisa. Ni kama kituo cha redio, mpenzi msikilizaji. Nyumba moja haisikii kwa sababu mtambo wa kurushia matangazo umezimika, na nyingine haisikii kwa sababu redio yenyewe ni mbovu. Kimya ni kile kile, lakini fundi wa kumwita ni tofauti.

Hayo aliyachapisha kati ya mwaka 1969 na 1973, na wenzake wengi hawakumwamini. Kwao unene ulikuwa suala la tabia.

Ilibidi tungoje mpaka Desemba 1994. Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, baada ya kazi ya karibu miaka minane, walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe. Ujumbe ule wa shibe ni homoni, na mahali inapotengenezwa ni pale tulipopadharau siku zote: kwenye mafuta ya mwili. Mafuta siyo gunia la akiba lililokaa kimya. Yanapokuwa ya kutosha yanapeleka habari ubongoni, kwamba ghala limejaa, acha kula. Friedman akaiita homoni hiyo leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mwaka uliofuata panya wanene walichomwa sindano za leptini, wakaacha kula ovyo na wakakonda.

Sawa, utaniambia, hao ni panya. Mtoto wangu si panya.

Katika mji wa Cambridge, Uingereza, madaktari Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi walikuwa wakiwahudumia watoto wawili, binamu, wa ukoo wenye asili ya Pakistan ambamo watu wa karibu walioana. Habari zao zilichapishwa mwaka 1997 bila kutaja majina, na ndivyo inavyopaswa. Msichana alikuwa na miaka 8 na uzito wa kilo 86. Wewe uliyebeba mahindi unajua: gunia letu lililozoeleka ni kilo 90. Msichana wa umri huo huwa na kilo 25 hivi. Binamu yake alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Wote wawili walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa, na unene ukawaanza katika miezi ya kwanza ya maisha. Walikuwa na njaa saa zote, wakidai chakula bila kukoma, wakila kuliko ndugu zao.

Walipopimwa damu, leptini haikuonekana karibu kabisa. Watoto wenye mafuta mengi namna ile walipaswa kuwa nayo tele. Katika jeni yao palikosekana herufi moja tu ya maagizo, na kwa sababu hiyo homoni nzima ikaharibika. Kila mzazi alikuwa na nakala moja nzima na moja mbovu, na nakala moja nzima inatosha kumfanya mtu asijue kwamba ana kitu. Mtoto akirithi zile mbovu mbili, ndipo mambo huonekana. Hata hapa kwetu kuna jamii ambamo binamu huoana, na silisemi hili kumsuta mtu. Nalisema kwa sababu daktari akiuliza kama ninyi wazazi ni ndugu, anauliza kwa nia njema.

Matibabu yakaanza: sindano ya leptini kila siku, chini ya ngozi. Mwaka 1999 madaktari wale walitoa ripoti ya msichana. Wakati wa kuanza alikuwa amefika kilo 94, na katika miezi 12 alipungua kilo 16, karibu zote mafuta matupu. Ripoti ya mwaka 2002 ilieleza habari za watoto watatu, na mmoja wao ndiye aliyenitoa machozi. Alipokuwa na miaka 3 alikuwa na kilo 42, na katika mlo mmoja wa majaribio alikula zaidi ya kalori 1,000, yaani kama nusu ya chakula cha mtu mzima cha siku nzima. Baada ya miaka minne ya sindano alikuwa na kilo 32, na hizo ni kilo za mtoto aliyerefuka. Alikula kama watoto wenzake wanavyokula, akaacha sahani ikiwa bado na chakula. Mama wasikilizaji, mnajua kumbembeleza mtoto amalize chakula. Hebu fikirini furaha ya mama anayeona, kwa mara ya kwanza, mtoto wake ameacha chakula sahanini.

Mtoto wa namna hii alikuwa haugui unene peke yake, kwani watoto wasio na leptini hupata maambukizi ya kifua mara kwa mara, na kubalehe kwao hukwama. Leptini ikipatikana, hayo nayo hutengenea.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walieleza watoto wanene wenye nywele nyekundu na upungufu wa homoni nyingine, kwa kasoro ya jeni iliyo hatua ya mbele katika njia hiyo hiyo ya ujumbe. Mwaka huo huo, Uingereza na Ufaransa, ikapatikana kasoro ya kipokeo kimoja cha ubongo kiitwacho MC4R, ambacho ndicho kinachopokea habari ya shibe. Hii ndiyo iliyo ya kawaida zaidi kati ya zote. Kundi la Cambridge lilipowapima watoto 500 walioanza kunenepa sana mapema, karibu 6 kati ya kila 100 walikuwa nayo. Na kabla ya haya yote, mwaka 1956, madaktari wa Uswisi Prader, Labhart na Willi walikuwa wameshaeleza hali nyingine: mtoto anazaliwa mlegevu kama kitambaa, hawezi hata kunyonya vizuri, kisha baada ya miaka michache njaa inamwingia isiyo na mwisho. Muuguzi aliyemwona mchanga asiyenyonya hawezi kuotea kwamba ndiye huyu anayevunja kufuli la kabati.

Je, leptini si ingetutibu sote? Wengi walitumaini hivyo, na kampuni moja ya Marekani ililipa dola milioni 20 kupata haki ya kuitumia. Haikufaulu. Mtu mzima mnene wa kawaida ana leptini nyingi tayari, ila ubongo wake umeizoea. Kwa hiyo usidanganywe na anayeuza vidonge vya "leptini" sokoni. Kwa watoto wenye kasoro maalumu, mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo setmelanotaidi kuanzia miaka 6, na mwaka 2024 umri ukashushwa hadi miaka 2. Ni dawa ya bei kubwa mno, na sitaki kumpa mtu matumaini ya kuikuta katika duka la dawa la hapa mtaani.

Sasa nirudi kwenye kile kijitabu cha kliniki. Ile michoro ya uzito ina historia yake. Daktari Mwingereza David Morley aliibuni alipokuwa akifanya kazi katika vijiji vya Nigeria, na ikaitwa barabara ya afya. Aliibuni kwa sababu watoto walikuwa wakikonda na kufa, na macho ya muuguzi yalifunzwa kutazama mstari wa chini. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa michoro mipya, lakini macho yetu sisi wauguzi yamebaki kule chini, na kuna sababu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni kama asilimia 3. Mtoto anayepita juu ya mstari wa juu tunampigia makofi, au tunamcheka, kisha tunamwita anayefuata.

Lazima niseme na upande wa pili, maana kesho mtu atanijia na mtoto wa miaka minne anayekunywa soda mbili kwa siku aniambie ni jeni. Watoto wengi wanene hawana kasoro hizi. Wana soda, chipsi, biskuti, na televisheni mchana kutwa, na hao ushauri wa lishe huwafaa. Lakini hata hao hawafaidiki kwa kuaibishwa kwenye foleni.

Wa kupelekwa kwa daktari wa watoto ni yule aliyeanza kunenepa sana kabla ya miaka mitano, hasa kabla ya kufikisha miwili, na ambaye njaa yake haifanani na ya watoto wengine: anaamka usiku kutafuta chakula, anaokota makombo, anakula vitu visivyoliwa. Vilevile mtoto mnene aliyechelewa kukaa, kutembea au kusema, aliyezaliwa na vidole vya ziada au asiyeona vizuri kukiwa na giza, au anayenenepa huku harefuki. Huyu wa mwisho mwulizie dawa, kwa sababu dawa za steroidi zikitumiwa muda mrefu, hata za kupaka, hunenepesha. Usizikatize ghafla, nenda nazo kwa daktari azione. Na ukifika, usiseme tu "mtoto ananenepa". Eleza uzito aliozaliwa nao, mwezi ulipoanza kuona mabadiliko, anakulaje usiku, na nani mwingine katika ukoo alikuwa hivyo. Chukua kijitabu chako cha tangu kuzaliwa, kwa kuwa ile michoro inasema mengi.

Douglas Coleman alifariki mwaka 2014, akiwa amepata tuzo kubwa ya tiba ya Lasker pamoja na Friedman mwaka 2010, karibu miaka 40 baada ya watu kumkatalia.

Na wewe mama wa mtoto wa kilo 21, ambaye sasa atakuwa kijana wa shule, kama redio yako imefunguliwa: nilikosea kukusema mbele ya watu, na nilikosea kutokuuliza. Kituo ninachofanyia kazi sasa ni kingine, lakini hapa studioni watakuelekeza. Niko kliniki Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo naye, na kijitabu chake kama bado unacho. Hutapanga foleni.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.